Gari la Turbo Arusha (2): Bei Imeshuka, Matunzo Hayajashuka

Wiki iliyopita tulihesabu kodi. Tuliona kwamba Subaru Impreza WRX iliyotimiza zaidi ya miaka 10 ikiingia nchini hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini na kwa uchakavu, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote hiyo. Mnunuzi hujikuta ameilipa TRA fedha zinazokaribia thamani ya gari lenyewe. Maumivu hayo huja mara moja, yakaisha. Leo tunazungumzia yale yasiyoisha, yaani gharama za kuliendesha.

Jambo ninalotaka msomaji alishike ni hili. Gari lililouzwa jipya Japani kwa bei ya watu wenye uwezo hufika Arusha baada ya miaka 15 kwa bei ambayo dereva wa watalii aliyejibana misimu miwili anaweza kuifikia. Kilichoshuka ni bei ya kununulia. Injini bado inadai oili ileile, mafuta yaleyale, tairi zilezile na fundi mwenye ujuzi uleule iliyoudai ilipotoka kiwandani, na sasa inadai zaidi kwa kuwa imechoka. Anayepanga bajeti kwa kuangalia bei aliyonunulia anapanga bajeti ya gari jingine.

Mapenzi ya watu wa Arusha kwa Subaru nayaelewa. Mbio za Safari Rally zilizoanza mwaka 1953 zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mikoa hii ya kaskazini imekuwa na madereva wake wa rally tangu enzi hizo. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari akiwa na Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akarudia ushindi huo na gari la jina hilohilo. Kijana aliyekuwa shule ya msingi wakati huo leo ana kipato, na anataka gari lile. Ila gari la McRae lilikuwa na mafundi wakilisubiri kwenye kila kituo, na hakuna aliyelitarajia lidumu miaka 20 likipeleka watoto shule Njiro.

Tuanze na kimo, kwa sababu hapa Arusha inatofautiana na Dar es Salaam, na wauzaji hawalisemi.

Mji wetu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 85 ya ule wa Tanga mjini. Gari lisilo na turbo hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribia upungufu huo, na dereva hulihisi zito akipanda kuelekea Ilboru. Gari la turbo halimpi hisia hiyo. Turbo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja: moja husukumwa na moshi unaotoka kwenye injini, ya pili huvuta hewa na kuishindilia ndani. Hewa ikiwa nyepesi, feni hizo huzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia. Mwendo wake wa kawaida tayari hupita mizunguko 100,000 kwa dakika, na moshi unaoisukuma, gari likiwa limebanwa, huweza kuzidi nyuzijoto 800. Kwa hiyo mtu anayesifu kwamba gari lake halisikii mlima ajue kwamba mlima umesikika, ila umesikika kwenye beringi za turbo na kwenye oili.

Kimo kina athari ya pili, nayo ni ya maji. Pwani maji huchemka kwenye nyuzijoto 100. Arusha huchemka kwenye 95 hivi. Injini ya Subaru hufanya kazi karibu sana na hapo, na kinachoyazuia maji yasichemke ni mgandamizo unaotunzwa na kifuniko cha rejeta, kile chenye springi na mpira. Kifuniko kikiwa kizima, kiwango cha kuchemka hupanda na kupita 110 bila shida. Kikilegea, gari la Dar lina nafasi kubwa kidogo ya kuvumilia kuliko la Arusha.

Niliwahi kusimama gereji moja Unga Limited wakati Forester ya turbo ilipoletwa ikivutwa. Mwenye gari alikuwa ameshaambiwa gasketi imeungua. Fundi hakuanza na injini. Alifungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, akakigeuza, akaukwaruza mpira kwa ukucha. Mpira ukakatika vipandevipande mkononi mwake. Maji yaliyobaki ndani yalikuwa na rangi ya kutu.

“Mwalimu, hebu ona mpira huu,” aliniambia. “Tulimshauri anunue kifuniko kipya, akasema mwisho wa mwezi.”

Kifuniko ni spea ndogo kabisa dukani. Gasketi ya Subaru ni habari nyingine. Injini yake imelala, silinda mbili kushoto na mbili kulia, hivyo ina silinda hedi mbili. Mafundi wengi hulazimika kuishusha injini nzima ndipo wafanye kazi safi: hedi zote mbili zipelekwe kuchongwa, gasketi zibadilishwe pande zote, na kwa kuwa injini iko chini, taimingi belti na pampu ya maji vibadilishwe pia. Nimeona watu wakibadilisha gasketi ya upande mmoja ili kubana matumizi. Wengi hurudi kwa ajili ya upande wa pili.

Maji ya bomba na ya visima vya maeneo yanayouzunguka Mlima Meru yana madini mengi. Floraidi yake imeshaacha alama kwenye meno ya wakazi wengi wa Arumeru. Usiyatie kwenye rejeta ya aluminiamu. Tia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyoondolewa chumvichumvi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye galoni, na uibadilishe kwa wakati.

Sasa oili. Hapa ndipo fedha ndogo ndogo zinapookoa fedha kubwa, na hapa ndipo wengi wanapobana. Injini ya turbo ya lita 2 ya Subaru hubeba zaidi ya lita 4 za oili. Kwa mazingira yetu ya vumbi, milima na foleni ya Kilombero, sipendekezi kupitisha kilomita 5,000 kabla ya kumwaga oili na kubadilisha filta. Ukitembea kilomita 15,000 kwa mwaka, hiyo ni sevisi tatu, na oili iwe sintetiki ya daraja lililotajwa na kiwanda, iliyonunuliwa kwa wakala mwenye risiti. Oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha na kupoza turbo. Ikipungua, turbo hufa kwanza, na vipande vyake huweza kuifuata injini.

Injini hizi zikizeeka huanza kula oili kati ya sevisi na sevisi bila kuvujisha tone chini. Chomoa kijiti cha kupimia kila wiki, gari likiwa sehemu tambarare na injini ikiwa imepumzika. Watu husubiri taa nyekundu ya oili iwake. Ikiwaka, presha imeshapotea, na beringi za krenki zimeshaanza kuchubuka. Kelele ya kugonga inayofuata haiponi kwa dawa yoyote inayouzwa kwenye kopo. Vilevile, ukitoka kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu, au kupandisha hadi lango la Ngorongoro, usizime injini papo hapo. Iache iungurume dakika moja au mbili, oili ipoze turbo. Ukizima ghafla, oili iliyobaki ndani huungua ikawa masizi, na masizi huziba njia.

Kuhusu mafuta, hesabu ni rahisi. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mikoa ya kaskazini hutazama bei ya mafuta yanayopitia bandari ya Tanga. Tuchukue shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Gari la turbo likienda kilomita 8 kwa lita, kilomita 15,000 zitataka lita 1,875, sawa na shilingi 5,625,000. Gari dogo la kilomita 14 kwa lita litatumia takriban shilingi 3,214,000. Tofauti ni zaidi ya milioni 2.4 kila mwaka, na hapo mguu wa dereva una adabu. Tukumbuke pia kwamba ada ya mwaka ya leseni ya gari, ambayo wengi tuliipanga foleni, ilifutwa mwaka 2017 na badala yake ikaongezwa shilingi 40 kwenye kila lita. Tangu hapo tozo nyingine zimefuata njia hiyohiyo. Anayemiliki gari linalokunywa sana huzilipa mara nyingi zaidi, pampuni, bila kuona.

Ubora wa petroli nao una neno. Injini nyingi za turbo za Japani zilipangwa zitumie petroli ya daraja la juu ya kule, ambayo pampu nyingi huiuza ikiwa na okteni karibu 100. Yetu iko chini ya hapo. Kompyuta ya injini husikia mlipuko usio wa wakati wake na hurudisha nyuma taimingi ya cheche ili kujilinda, nguvu ikapungua na ulaji ukaongezeka. Hilo gari linavumilia. Lisilovumilika ni kupandisha presha ya turbo kwa vifaa vya mtaani bila kurekebisha programu ya kompyuta. Pistoni hupasuka kwenye kingo za ringi, na gari huanza kutoa moshi wa bluu. Ukikuta gari linauzwa likiwa limebadilishwa hivyo, nalo linavuma barabara nzima ya Sokoine, muulize muuzaji nani aliyepanga programu yake. Asipokuwa na jibu, usinunue.

Tairi zinahitaji maelezo, maana wengi hawajui. Subaru hizi huvuta kwa magurudumu yote manne muda wote. Tairi moja ikiwa kubwa au imelika zaidi kuliko nyingine, diferensho ya katikati hulazimika kusuluhisha tofauti hiyo kila mzunguko, hupata moto na mwishowe hufa. Subaru wenyewe hutaka mizingo ya tairi zote isipishane zaidi ya milimita 6 hivi. Sasa fikiria jiwe la barabara ya Ngarenanyuki limekuchania tairi moja iliyolika nusu. Mwenye gari dogo hufunga ya mtumba akaendelea. Wewe utatafuta iliyolika sawasawa na zako, au utanunua zote nne. Anayefunga tairi moja mpya pamoja na tatu za zamani hununua pia gia boksi, ingawa bili hiyo huja baadaye.

Barabara hiyohiyo ya upande wa Ngarenanyuki na Momela ina vumbi la majivu ya volkano, jembamba na gumu. Kagua filta ya hewa kila uendapo huko. Filta za wazi zenye wavu, zinazopendwa kwa sauti yake, nisingeziruhusu kwenye gari la eneo hili, maana vumbi linalopita hulamba mapanga ya turbo kwanza, kisha silinda.

Bima ndogo kwa gari binafsi ni shilingi 118,000 pamoja na VAT. Bima kubwa hupigwa kwa asilimia ya thamani, kwa kawaida 3.5, na kwa gari linalovutia wezi na mwendo naiona ni lazima. Faini ya mwendo kasi ni 30,000, na tochi hazikosekani kati ya Tengeru na Usa River, penye alama za 50.

Spea nyingi hazipo Arusha. Huagizwa Gerezani, Dar es Salaam, zikaja kwa basi, na gari hukaa gereji siku hizo zote likisubiri. Injini za mtumba nazo hutoka hukohuko, bila historia yoyote. Ndiyo maana ushauri wangu ni mkali kuliko wa wauzaji: kama baada ya kulipa gari, kodi na bima hujabakiwa na fedha za kununua injini nyingine, gari hili bado si lako. Fedha hizo ziweke kando kabla ya kufikiria rimu.

Na kabla ya safari ya kwanza, hata kama dashibodi inasoma kilomita 80,000, badilisha taimingi belti pamoja na tensheni na pampu ya maji, isipokuwa uwe na ushahidi wa maandishi kwamba vimebadilishwa. Kiwanda huweka kilomita 100,000, lakini mpira huzeeka kwa miaka pia, na namba za dashibodi huchezewa. Belti ikikatika kwenye injini hii, valvu hugongana na pistoni. Badilisha pia oili ya gia boksi, ya diferensho ya nyuma, na maji ya breki, hasa kama utashuka Karatu kwenda Mto wa Mbu, kwa kuwa maji ya breki yaliyokaa miaka mingi hunyonya unyevu na huchemka mteremkoni.

Wiki ijayo tutakaa mezani na karatasi ya mnada ya Japani, tuisome mstari kwa mstari, na kuona jinsi fundi anavyopima mgandamizo wa kila silinda kabla hujatoa hata shilingi moja.