Homa Isiyo na Mdudu

Mgonjwa wa maltipo sklerosisi, au MS kwa kifupi, akipandwa na homa, macho huweza kuingia ukungu na miguu ikaishiwa nguvu. Neva iliyovuliwa ganda lake la miyelini haihimili joto. Mwili ukipoa, hali hurudi ilivyokuwa. Kwa hiyo homa yoyote husakwa chanzo: malaria, mkojo, kifua. Wapo, hata hivyo, ambao homa huwarudia kila baada ya muda na mdudu haonekani.

Baadhi yao wamerithi ugonjwa wa pili. Mwaka 1982 madaktari wa Nottingham, Uingereza, walieleza habari za familia moja yenye asili ya Ireland na Uskoti ambayo homa ilikuwa ikiiandama kizazi hadi kizazi. Homa ya aina hii hukaa wiki nzima, hata tatu. Msuli huuma, na juu yake ngozi huwa nyekundu na ya moto. Kisha wekundu na maumivu huteremka pamoja, polepole, kuelekea kiganjani au kwenye unyayo. Macho huvimba pembezoni. Mwaka 1999 kasoro ikagunduliwa kwenye jeni ya TNFRSF1A, iliyo katika kromosomu ya 12, na ugonjwa ukapewa jina la TRAPS. Mzazi mmoja akiwa na kasoro hiyo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Katika MS, chembe za kinga zilizofunzwa kumtambua adui huishambulia miyelini. Katika TRAPS kosa liko kwenye kinga ya kuzaliwa nayo: king'ora hulia chenyewe, mwizi hakuna.

Lakini jeni hiyohiyo inagusa MS pia, na hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na wenzao wa Oxford walionyesha kuwa badiliko dogo ndani yake, ambalo watu wengi wanalo, huongeza kidogo hatari ya MS. Huzalisha kipokezi pungufu kinachoizuia TNF, kemikali inayowasha kinga. Dawa za kuzuia TNF hufanya kazi hiyohiyo. Mojawapo, lenersepti, ilijaribiwa kwa wagonjwa 168 wa MS. Matokeo ya mwaka 1999 yalionyesha mashambulizi yakizidi badala ya kupungua.

Basi mwenye magonjwa yote mawili yuko hatarini iwapo daktari wa homa na daktari wa neva hawazungumzi. Etanasepti, dawa nyingine ya kuzuia TNF ambayo imewahi kuwasaidia wengi wa TRAPS, kwake inaweza kuuchochea MS. Dawa za kuzuia intalukini-1 (kemikali nyingine ya kinga), kama anakinra, ndizo za kufikiriwa kwanza.

Kipimo cha jeni peke yake hakitoshi: badiliko jingine la TNFRSF1A, liitwalo R92Q, limeonekana kwa wagonjwa wa MS wenye homa na maumivu ya viungo, na pia kwa watu wenye afya kamili. Maswali ndiyo yanayoanza. Homa hukaa siku ngapi? Upele unahama? Nani mwingine katika ukoo? Na mkojo upimwe protini, kwa kuwa homa hizi zikiachwa kwa miaka, mabaki ya protini yaitwayo amiloidi hujilimbikiza kwenye figo bila maumivu yoyote.