Ni Ali Yupi, wa Mwaka Upi?

Kila Jumamosi alasiri, katika kibanda cha kinyozi kilicho karibu na nyumbani kwangu mtaani Pioneer, hapa Eldoret, Muhammad Ali hupigana na Mike Tyson. Wamekwisha kupigana mara nyingi hata hesabu imenipotea, na hadi leo hakuna aliyeshinda. Kinyozi mwenyewe ni wa Tyson. Fundi wa viatu aketiye mlangoni ni wa Ali. Vijana wanaongoja zamu zao huja na ushahidi wa michezo ya kompyuta, ambamo mtu humteua bondia wa zama zozote, akamtia ulingoni na bondia wa zama nyingine, na baada ya dakika chache mshindi akajulikana. Mimi, kwa kuwa nilifundisha hisabati miaka mingi na mvi zimeniota, huombwa niwe mwamuzi.

Ndugu msomaji, zamani niliuona ubishi huu kuwa ni kazi ya wasio na kazi. Siku hizi nimebadili kauli. Nimesimamia midahalo mingi ya shule kuhusu mada zilezile zilizozoeleka, kama vile kisu na kalamu au maisha ya mjini na ya mashambani, ambamo wanafunzi hukariri hoja za kaka zao waliowatangulia. Sijaona mada iwalazimishayo kupima ushahidi kama hii ya mabingwa wawili wa uzani mzito ambao hawakuwahi kukutana.

Hivi majuzi aliyetutikisa ni msichana mmoja wa shule ya upili, aliyemleta mdogo wake kunyolewa. Alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akaomba ruhusa ya kusema.

“Mwalimu,” akaanza, “mwaka wa 1981 Trevor Berbick alimshinda Ali kwa pointi. Mwaka wa 1986 Tyson alimwangusha Berbick katika raundi ya pili, akatwaa ubingwa wa dunia akiwa na miaka 20 tu. Larry Holmes naye alimpiga Ali mwaka wa 1980 hadi watu wa kona yake wakakataa arudi ulingoni. Tyson akamlaza Holmes katika raundi ya nne mwaka wa 1988. Ikiwa A ni kubwa kuliko B, na B ni kubwa kuliko C, basi A ni kubwa kuliko C. Si ndivyo mnavyotufunza?”

Kinyozi alizima mashine yake apate kushangilia vizuri.

Ndivyo tunavyofunza, nikamjibu, na katika namba ndivyo ilivyo. Mabondia, hata hivyo, hawana tabia ya namba. Tarehe 8 Machi 1971, mjini New York, Joe Frazier alimshinda Ali kwa pointi baada ya raundi 15, na katika raundi hiyo ya mwisho akamwangusha chini kwa konde lake mashuhuri la mkono wa kushoto. Januari 1973, mjini Kingston, Jamaika, George Foreman alimwangusha Frazier huyohuyo mara sita katika raundi mbili, pambano likasimamishwa. Kwa hesabu ya binti yetu, Foreman alipaswa kumsaga Ali mithili ya karanga kinuni. Wengi walioelewa mchezo huu waliamini hivyo, na wako waliohofia kwamba Ali angeuawa.

Tarehe 30 Oktoba 1974 wawili hao walikutana Kinshasa, Zaire ya wakati huo. Walianza yapata saa kumi za alfajiri, ili Wamarekani wapate kutazama katika usiku wao. Hapa kwetu ilikuwa kumekaribia kupambazuka. Ali aliegemea kamba, akajifunika kwa mikono, akamwacha Foreman apige mpaka mabega yalipomwishia nguvu. Katika raundi ya nane akamwangusha.

Basi Frazier alimshinda Ali, Foreman akamshinda Frazier, Ali akamshinda Foreman. Ni duara, na duara halina wa kwanza. Sababu yake si ya ajabu. Frazier alikuwa mfupi, akipigana kwa kuinama na kusonga mbele, na mtu ajaye mbele ameinama ndiye hasa aliyefaa makonde ya Foreman yapandayo kutoka chini. Ali, kwa upande wake, alikuwa mrefu, mwepesi wa kuona na mgumu wa taya. Jambo lililomlemea Ali mbele ya Frazier halikuwamo katika mikono ya Foreman.

Msichana alitafakari, kisha akauliza, “Na huyo Ali aliyepigwa na Berbick ni Ali gani?” Nilifurahi mno, kwa kuwa hapo ndipo penye kiini. Alikuwa Ali wa miaka 39, aliyebaki mwezi mmoja tu atimize 40, mzito wa miguu na wa ulimi. Naye Holmes aliyelazwa na Tyson alikuwa na miaka 38. Ushahidi wote wa kinyozi ulikuwa ushahidi juu ya wazee.

Tunaposema “katika ubora wake” huwa tunadhani ni jambo lililo wazi, kumbe kila mtu humchagua bondia wa mwaka unaomfaa. Fundi wa viatu humleta Ali wa 1966, aliyeteleza ulingoni kama samaki. Lakini ubora kamili wa mtu huyo haukuonekana na yeyote. Aprili 1967 alikataa kuandikishwa jeshini kwenda vitani Vietnam, akapokonywa ubingwa na leseni, asirudi ulingoni hadi Oktoba 1970. Miaka iliyopotea ni ile ya umri wa 25 hadi 28. Ali aliyerejea alikuwa mjanja zaidi na mvumilivu zaidi, ila miguu ile hakurudi nayo. Na Foreman je? Yule wa Kinshasa, au yule aliyerudi kwenye mchezo akiwa mhubiri, na mnamo Novemba 1994, akiwa na miaka 45, akamwangusha Michael Moorer katika raundi ya kumi na kuwa bingwa tena?

Vijana wanaoiamini kompyuta niliwasimulia kisa cha Murray Woroner wa Miami. Mwaka wa 1967 mtayarishaji huyo wa vipindi vya redio aliilisha kompyuta takwimu za mabingwa 16 wa uzani mzito, waliokufa na waliokuwa hai, ikawapambanisha. Mashine ilimtoa Ali kwa mkono wa Jim Jeffries, bingwa wa mwanzo wa karne. Ali akashtaki, akidai dola milioni moja. Suluhu iliyopatikana ikawa kutengeneza filamu: mwaka wa 1969 Ali, aliyekuwa hana leseni, na Rocky Marciano, mstaafu wa miaka 45 aliyevaa nywele za bandia, waliigiza raundi baada ya raundi mbele ya kamera, na tamati zikapigwa za namna mbalimbali. Marciano alikufa katika ajali ya ndege tarehe 31 Agosti 1969, kabla filamu haijaonyeshwa. Januari 1970 Wamarekani wakaonyeshwa Marciano akimwangusha Ali katika raundi ya 13. Watazamaji wa Ulaya waliletewa tamati nyingine, Ali akiwa mshindi. Mashine moja, mabingwa wawilihao hao, washindi wawili.

Suala la uzito nalipita haraka. Marciano, aliyeshinda mapambano yake yote 49, alipigana akiwa na kilo 85 hivi. Leo uzito huo uko chini ya kiwango cha uzani mzito.

Ndipo kijana mmoja, mkimbiaji wa mazoezi ya alfajiri kama walivyo wengi mjini hapa, akasema kwamba heri riadha kuliko ndondi, maana riadha ina saa. “Saa haina ubishi,” akasema. “Kiptum alikimbia 2:00:35 mjini Chicago mwaka wa 2023. Kipchoge alikimbia 2:01:09 mjini Berlin mwaka wa 2022. Yamekwisha.”

Hayakuwa yamekwisha. Fundi wa viatu aliacha sindano yake, akauliza iwapo wawili hao waliwahi kukutana barabarani katika marathoni. Hawakuwahi. Kelvin Kiptum alikuwa amekimbia marathoni tatu tu maishani, akazishinda zote. Watu walitazamia wakutane Paris katika Olimpiki ya 2024. Usiku wa tarehe 11 Februari mwaka huo Kiptum alifariki katika ajali ya gari upande wa Kaptagat, si mbali na tulipokuwa tumeketi, pamoja na kocha wake, Gervais Hakizimana. Alikuwa na umri wa miaka 24. Agosti, Eliud Kipchoge aliingia Paris bila yeye, akaiacha mbio njiani.

Hapo hakuna aliyetaka kuchagua upande. Wengine kibandani walikuwa wamewahi kusimama kando ya barabara wakawatazama wote wawili wakipita mazoezini. Ali na Tyson tunawapiganisha kwa furaha kwa sababu kila mmoja alipata miaka yake, hata kama mingine iliporwa, na tunajua alivyoitumia. Kiptum tutamleta wa mwaka upi? Msichana alitazama chini. Kinyozi akaendelea na kichwa cha mtoto, polepole kuliko kawaida, na redio ikabaki ikisema peke yake.

Jumamosi iliyofuata tulirudi kwa Ali na Tyson. Nilidaiwa uamuzi, nikautoa kwa sharti: Ali wa Machi 1967 na Tyson wa Juni 1988, yule aliyemmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91. Raundi nne za mwanzo ni za hatari kubwa kwa Ali, nami nisingeweka shilingi yangu hapo. Lakini Buster Douglas alituonyesha mjini Tokyo, Februari 1990, yanayompata Tyson mbele ya mtu mrefu asiyemwogopa, mwenye mkono wa kushoto usiochoka. Ali, kwa pointi. Kinyozi aliukataa uamuzi huo palepale, akanikumbusha kwamba shingo yangu ilikuwa bado chini ya wembe wake.