Punje, Sado na Debe: Hesabu ya Mtoto Mdogo Nyumbani Masakta

Katika Kata ya Masakta, wilayani Hanang, ambako kaya nyingi huishi kwa kilimo na ufugaji, mtoto wa miaka mitatu hadi sita hukua akizungukwa na vitu vya kupanga, kupima na kulinganisha, ingawa mara nyingi hutumwa tu kuvichukua bila kuulizwa lolote juu yake. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 humtaka mtoto aliyefikia umri wa shule aandikishwe na ahudhurie shule ya msingi, hivyo mafunzo ya nyumbani yanayozungumziwa hapa ni yale yanayotangulia darasa, pamoja na yale yanayofanyika jioni na siku za mapumziko.

Mwanzo mzuri ni kuainisha, yaani kuvigawa vitu katika makundi kwa kufuata sifa moja. Mzazi anayechambua maharage ya kupika anaweza kumwachia mtoto ungo wenye mbegu za rangi mbalimbali azitenge kwa rangi, kisha amwambie azichanganye na kuzitenga upya kwa ukubwa. Hatua hii ya pili ndiyo ngumu, kwa kuwa humlazimu mtoto kuiacha kanuni aliyokwisha kuizoea, na ndiyo ambayo mzazi mwenye haraka huiruka.

Kuhesabu huja baadaye, na hapa wazazi wengi hudanganyika. Mtoto anayetamka moja hadi ishirini bila kukosea huenda hajui bado kwamba namba ya mwisho anayoitaja ndiyo idadi ya vitu vyote. Akihesabu punje saba za mahindi kisha akaulizwa ziko ngapi, huanza kuhesabu upya. Hata akishalielewa hilo, hubaki kile ambacho Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza fikra za watoto, alikiita uhifadhi wa idadi, maana yake kutambua kwamba idadi haibadiliki kwa kubadilisha mpangilio. Zikipangwa safu mbili za punje kumi kumi zinazolingana, kisha moja ikatanuliwa mbele ya macho yake, mtoto wa miaka minne kwa kawaida husema iliyo ndefu ina punje nyingi zaidi. Kumkemea hakusaidii, afadhali aachwe aoanishe punje moja ya huku na moja ya kule mpaka safu ziishe.

Kwa vipimo, sado na debe hutosha. Debe huchukua lita 20 na sado lita 4, kwa hiyo sado tano zilizosawazishwa mdomoni hulijaza debe, lakini mtoto asiambiwe hivyo kwanza: akadirie, ajaze, ndipo alinganishe alichokisema na alichokiona. Sado zikijazwa kwa kichwa kama sokoni, hesabu hiyo hukataa, na mtoto huanza kuelewa kwa nini muuzaji na mnunuzi hubishana.

Lugha ya mazungumzo hayo nayo ina uzito. Watoto wengi wa eneo hili huanza na Kiiraqw nyumbani ilhali darasa la awali hufundishwa kwa Kiswahili, na mtoto aliyekwisha kuelewa dhana ya “nyingi kuliko” au “nusu” kwa lugha ya mama huhitaji kujifunza jina jipya tu, jambo jepesi kuliko kujifunza jina na dhana kwa mpigo. Kwa hiyo bibi asiyekijua Kiswahili vizuri asijitoe katika kazi hii, maana maswali yake kwa Kiiraqw ni ufundishaji kamili.

Tahadhari mbili hazina mjadala. Punje na maharage visiachwe kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu bila mtu mzima kando yake, kwa kuwa huingia puani na kooni kwa urahisi. Na mbegu za dukani zilizopakwa dawa, ambazo hutambulika kwa rangi yake ya waridi, nyekundu au kijani, zisitumike kabisa kuchezea, hata zikioshwa.