Kabla hujamnunulia mwanao panya

NA DAKTARI WETU

Panya mweupe mwenye macho mekundu na masharubu yasiyotulia humfurahisha karibu kila mtoto. Hahitaji uwanja, habweki usiku, na chakula chake ni kidogo. Si ajabu basi kwamba baadhi ya jamaa wanaoishi katika nyumba za ghorofa, ambako mwenye nyumba hataki kusikia habari za mbwa, huanza kumfikiria mnyama huyu.

Mgeni atakayekutembelea huenda akashangaa. Watu wa mjini hununua mitego ili wamwondoe panya, nawe umelipa pesa ili aingie?

Ukweli ni kwamba panya mdogo wa kufugwa na yule anayetafuna unga wako jikoni ni wa ukoo mmoja. Wataalamu humwita Mus musculus. Tofauti yao ni malezi. Yule wa kufugwa ametoka katika vizazi vingi vilivyozaliwa mikononi mwa watu. Kule Uingereza, wafugaji wake waliunda chama chao cha kitaifa tangu mwaka wa 1895.

Kwa hivyo, msomaji, ukikumbuka jambo moja tu katika makala haya, liwe hili: panya wa tunduni na panya wa jikoni wasikutane kamwe. Afya ya mnyama wako, na ya jamaa yako pia, inategemea hilo.

Je, nyumba yako inafaa?

Panya wa nyumbani wa kawaida anaweza kubeba virusi vya ugonjwa uitwao kwa kifupi LCM, ambao huweza kushambulia utando wa ubongo. Virusi hivyo hutoka katika mkojo, kinyesi na mate yake, naye mwenyewe huenda asionyeshe dalili yoyote. Akikutana na panya wako, anaweza kumwambukiza.

Mtu mzima mwenye afya nzuri aghalabu hupata homa na maumivu ya kichwa, kisha akapona. Lakini mja mzito akiambukizwa, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na kichwa kilichojaa maji na macho yenye kasoro. Ikiwa mama anatarajia kujifungua, ahirisha mpango huu. Ikiwa panya tayari yumo nyumbani, mama asimshike wala asisafishe tundu lake, na ni heri mnyama huyo apelekwe kwa jamaa au rafiki hadi mtoto azaliwe.

Ahirisha pia ikiwa una mtoto aliye chini ya miaka 5, kwani umri huo kila kitu huishia mdomoni, au ikiwa nyumbani kuna mtu ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika. Mwenye pumu naye ajihadhari. Mkojo wa panya una protini zinazoweza kumfanya mtu apige chafya, atokwe na machozi na kukorota kifua.

Wanunue wawili, wa kike

Usikubali mtoto akuletee panya aliyemnasa stoo au shambani, hata awe mchanga kiasi gani. Nunua kwa mfugaji unayeweza kuona mahali anapowaweka. Chagua mwenye macho maangavu, manyoya laini na pua kavu. Anayejikunyata pembeni huku manyoya yamesimama, au anayepumua kwa sauti, mwache.

Panya hapendi upweke. Wa kike wawili au watatu huishi kwa amani. Wa kiume hupigana hadi kuumizana vibaya, na mkojo wao una harufu kali zaidi.

Wa kiume na wa kike ukiwaweka pamoja, jitayarishe. Mimba huchukua takriban siku 20, na mara nyingi huzaliwa watoto 5 hadi 10. Mama anaweza kushika mimba nyingine ndani ya siku moja baada ya kuzaa, na watoto wake huanza kuzaana wakiwa na umri wa kama wiki 6. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo, lakini hawakusema kwamba hawazaani.

Tundu na chakula

Panya mdogo hupenya katika tundu lenye upana wa penseli. Kwa hivyo sanduku la kioo lenye kifuniko cha wavu wa waya mwembamba ni bora kuliko kizimba cha ndege. Liweke mbali na jikoni, mbali na chumba cha kulala, na mahali pasipopigwa na jua. Kwa wakazi wa Mombasa na Kisumu, joto la adhuhuri ndani ya kioo linaweza kumuua.

Tandika maranda yasiyo na vumbi wala harufu kali, au vipande vya karatasi nyeupe. Maranda ya miti yenye mafuta ya kunukia, kama vile mtarakwa, humdhuru mapafu. Mpe kijumba cha kujificha, gurudumu la kukimbilia lisilo na mianya ya kunasa mkia, na vijiti vya kutafuna kwa maana meno yake hayaachi kukua.

Chakula chake kikuu kiwe tembe maalumu za panya zikipatikana, au mchanganyiko wa nafaka kama ngano, mtama na shayiri. Ongeza kipande kidogo cha karoti au jani la sukumawiki. Chokoleti, vibanzi na vyakula vya chumvi usimpe. Maji safi yawepo kila siku.

Ondoa uchafu uliolowa kila siku na ubadilishe matandiko yote kila wiki. Usifagie kinyesi kikiwa kikavu, kwani vumbi lake ndilo linaloingia kifuani. Kiloweshe kwanza kwa dawa ya kuua viini, kisha upanguse ukiwa umevaa glavu. Usioshee vyombo vyake katika sinki la jikoni.

Vita na wale wa jikoni

Anayefuga panya hana budi kuwazuia panya wengine kwa bidii kuliko jirani yake. Ziba nyufa za ukuta na mianya iliyo kando ya mabomba. Nafaka za mnyama wako zitie katika mkebe wenye kifuniko, la sivyo utakuwa unawaalika wageni.

Sumu ya panya inayouzwa kando ya barabara usiilete nyumbani kabisa. Haichagui kati ya panya wa mwizi, panya wa mtoto na mtoto mwenyewe.

Akiuma, na homa ikija

Mfundishe mtoto kumwinua panya kwa viganja viwili vilivyounganishwa, si kwa ncha ya mkia. Asimbusu, wala asile akiwa amemshika. Baada ya kumgusa, anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka.

Akiumwa, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika kadhaa, kisha uende kliniki ukaulize kuhusu sindano ya pepopunda. Wazazi wengi huhofia kichaa cha mbwa. Panya wadogo ni nadra mno kupatikana na ugonjwa huo. Hapa kwetu hatari kubwa ni mbwa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni homa inayokuja baadaye. Kuna ugonjwa wa bakteria uitwao homa ya kuumwa na panya, ambao huletwa zaidi na panya wakubwa lakini hata wadogo wanaweza kuuleta. Aghalabu hutokea siku 3 hadi 10 baada ya kuumwa, wakati kidonda kimekwisha kupona na kusahauliwa. Mgonjwa hupata homa ya ghafla, hutapika, huumwa na viungo, na huenda akatokwa na vipele mikononi na miguuni.

Katika nchi yetu homa ya namna hiyo huitwa malaria kabla ya damu kupimwa, na dawa za malaria zikanunuliwa dukani. Hazitasaidia. Ugonjwa huu hutibiwa kwa penisilini, na ukiachwa unaweza kuua.

Daktari hawezi kukisia kilicho nyumbani kwako. Mtoto wako akipata homa, mwambie hata kabla hajauliza: "Daktari, sisi tunafuga panya." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa maisha.