Upasuaji wa pili wa vali za moyo: Kwa nini mgonjwa amhitaji aliyetangulia

MGONJWA aliyepasuliwa moyo na kuwekewa vali mpya aghalabu huamini kwamba safari yake ya hospitali imefika tamati. Kidonda hupona, pumzi hurejea, naye huanza tena kupanda ngazi na kuhudhuria harusi za jamaa zake. Kisha, miaka kumi au zaidi baadaye, miguu huanza kuvimba jioni na usiku hulazimika kuinua mito ili apate kupumua.

Daktari anapomweleza kuwa vali ile imechakaa na kifua chake itabidi kifunguliwe upya, si ajabu aombe muda wa kufikiri. Muda huo huwa wiki, wiki huwa miezi. Hapo ndipo hatari kubwa inapoanza.

Matokeo ya upasuaji wa marudio hutegemea sana hali ambayo mgonjwa anafika nayo. Anayepasuliwa kwa mpango, moyo wake ukingali na nguvu na figo zikifanya kazi barabara, ana matumaini makubwa kuliko anayefikishwa hospitalini usiku akiwa hoi, mapafu yamejaa maji.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mgonjwa wa mara ya pili anaikumbuka kiu ya chumba cha wagonjwa mahututi, mipira iliyochomekwa mwilini na maumivu ya kukohoa. Hofu yake ina msingi, na haiondoki kwa kuambiwa tu kwamba asiogope.

Vali huchakaa vipi?

Katika sehemu nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo, vali za moyo za vijana huharibiwa zaidi na homa ya baridi yabisi. Maradhi haya huanza na maambukizi ya koo yanayosababishwa na bakteria aina ya streptokoka. Mwili unapopambana na bakteria hao hugeuka na kushambulia viungo vyake wenyewe, zikiwemo vali za moyo. Vali ya mitrali, iliyo baina ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo, ndiyo huathirika zaidi.

Vali isiyoweza kurekebishwa hubadilishwa kwa mojawapo ya aina mbili. Ipo ya chuma na kaboni, ambayo hudumu miaka mingi lakini humlazimu mgonjwa kumeza dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarini, maisha yake yote. Ipo pia inayotengenezwa kwa tishu za ng'ombe au nguruwe. Hii kwa kawaida haihitaji warfarini ya kudumu, ila huchakaa, na huchakaa upesi zaidi katika mwili wa kijana kuliko wa mzee.

Hebu tuchukue mfano wa msichana wa miaka 19 anayetamani kuzaa. Warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Akishauriana na madaktari, yamkini atachagua vali ya tishu ili apate watoto, akijua fika kwamba siku moja atarudi mezani. Akifika miaka 31, akiwa na watoto wawili wa shule, siku hiyo inabisha hodi. Upasuaji wa pili kwake ni deni alilolikubali zamani, wala si ishara kwamba ule wa kwanza ulishindwa.

Ugumu wa mara ya pili

Katika upasuaji wa kwanza, daktari hukata mfupa wa kidari na kuukuta moyo ukiwa huru ndani ya utando wake. Baadaye mfupa hufungwa kwa nyaya za chuma, na kadiri kidonda kinavyopona ndivyo makovu yanavyojijenga ndani. Moyo na mishipa mikubwa huweza kushikamana na upande wa nyuma wa kidari.

Kwa sababu hiyo, msumeno wa mara ya pili hupita karibu sana na moyo wenyewe. Madaktari hutumia picha za CT kupima nafasi iliyobaki baina ya mfupa na moyo. Nafasi ikiwa finyu, wanaweza kumuunganisha mgonjwa na mashine ya kuendesha moyo na mapafu kupitia mishipa ya kinenani kabla ya kufungua kifua. Kazi ya kubandua makovu hurefusha saa za upasuaji na huongeza uwezekano wa kupoteza damu nyingi.

Baadhi ya wagonjwa ambao vali yao ya tishu imechakaa huweza kuwekewa nyingine ndani yake kwa mrija unaopitishwa katika mshipa, bila kupasua kifua. Njia hiyo haimfai kila mtu, wala haitumiki kwa vali ya chuma. Hata hivyo, ni swali ambalo mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari wake.

Maandalizi

La kwanza ni vipimo: picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, maarufu kama eko, uchunguzi wa figo, ini na damu, na kwa wenye umri mkubwa, uchunguzi wa mishipa inayoulisha moyo.

La pili ni meno. Bakteria wa jino bovu au ufizi unaotoka usaha huweza kuingia katika damu na kujenga makao juu ya vali mpya. Jino la kung'olewa sharti ling'olewe mapema, ufizi upate kupona.

La tatu ni damu. Mgonjwa aliyewahi kuongezewa damu huenda mwili wake ukawa umejenga kingamwili zinazofanya iwe vigumu kumpata mtoaji anayemwafiki. Ni busara uchunguzi wa kulinganisha damu ufanywe mapema na jamaa watakaojitolea watafutwe kabla ya siku yenyewe.

La nne ni dawa. Warfarini kwa kawaida husimamishwa siku tano hivi kabla ya upasuaji, na mwenye vali ya chuma mara nyingi hupewa heparini kwa muda huo ili damu isigande. Asiisimamishe kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani donge la damu laweza kuziba vali au kumletea kiharusi. Dawa za mitishamba nazo zitajwe bila haya; baadhi yake hubadilisha nguvu ya warfarini.

Aidha, anayevuta sigara aache, na mwenye nguvu za kutembea atembee kwa kiasi alichoshauriwa. Mazoezi ya kuvuta pumzi ndefu yakianza nyumbani huyasaidia mapafu baada ya nusukaputi.

Kitanda usichokilalia

Yote hayo daktari atayaeleza. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yapo mambo ambayo aliyelala juu ya meza ile mara mbili huyajua kwa namna nyingine.

Yeye ndiye atakayemwambia mwenzake akumbatie mto kifuani kila anapokohoa. Atamweleza kwamba akizinduka atakuwa na mpira kooni na hataweza kusema, hivyo wakubaliane na jamaa ishara za mkono. Atamtahadharisha kwamba siku chache baadaye huenda akalia bila sababu, au usiku akaona mambo yasiyokuwepo, na kwamba hali hiyo hutokea kwa wengi na kwa kawaida hupita. Ikiwa vali mpya ni ya chuma, atamwambia kuwa usiku wa kimya atasikia mlio kama wa saa, na kwamba hatimaye mlio huo huzoeleka.

Atamkumbusha pia mambo ya nyumbani. Mfupa wa kidari huchukua wiki sita hadi 12 kuunga. Katika muda huo, mtungi wa maji wa lita 20 haubebwi, mtoto haokotwi sakafuni, na bodaboda haipandwi. Nani atateka maji? Nani atawapeleka watoto shuleni? Maswali haya yajibiwe mapema, kwani mama asiyekuwa na msaidizi ataubeba mtungi huo hata kama alikatazwa.

Wazo hili la mgonjwa kumshika mkono mgonjwa lina historia ndefu. Mnamo 1951, wagonjwa wanne waliopasuliwa moyo na Dkt Dwight Harken jijini Boston, Marekani, walianzisha chama cha Mended Hearts ili kuwatembelea wanaosubiri upasuaji. Wakati huo mashine ya kuendesha moyo na mapafu ilikuwa bado haijafanikiwa kutumiwa kwa binadamu. Hilo lilitokea 1953. Chama hicho kingali hai hadi leo.

Hapa kwetu si lazima kuanza na chama chenye ofisi. Siku ya kliniki ya moyo, benchi la kusubiri huwakutanisha watu wenye makovu yanayofanana. Mgonjwa aweza kumwomba muuguzi amkutanishe na mtu aliyefanyiwa upasuaji wa marudio, kwa ridhaa ya mtu huyo.

Mipaka ya ushauri

Hata hivyo, mwenzako si daktari wako. Kiasi cha warfarini kinachomfaa yeye chaweza kukuvujisha damu wewe. Kila mwenye kumeza dawa hiyo hupimwa INR yake na kupangiwa kiasi chake. Hata mboga zina hesabu: sukuma wiki, mchicha na kunde zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa. Kinachotakiwa si kuziacha, bali kula kiasi kisichobadilikabadilika.

Isitoshe, vali, umri na hali ya moyo hutofautiana. Simulizi ya aliyepata matatizo isichukuliwe kuwa utabiri, wala ya aliyepona upesi isiwe ahadi. Swali lililozuka katika mazungumzo liandikwe na lipelekwe kwa daktari.

Gharama nayo yahitaji maandalizi. Upasuaji wa moyo hufanywa nchini katika hospitali kadhaa, zikiwemo Hospitali Kuu ya Kenyatta na Mater jijini Nairobi, Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret na Tenwek katika Kaunti ya Bomet. Mgonjwa aulize mapema ikiwa hospitali husika hushughulikia upasuaji wa marudio, na apate kwa maandishi kiasi kitakacholipwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024.

Mwisho, vali mpya haiponyi homa ya baridi yabisi. Aliyeandikiwa sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne aendelee nayo baada ya upasuaji, hadi daktari atakaposema vinginevyo. Sindano hiyo inauma, na wengi huiacha pindi wanapojisikia vizuri. Rafiki aliyepitia njia hiyo hiyo, anayepiga simu kila tarehe ya sindano kuuliza kama imedungwa, aweza kumwepusha mwenzake na madhara zaidi kwa vali zake zilizosalia.