Mlango Unaotazama Magharibi

Ukienda kwa fundi kuagiza mlango wa nje, atakuuliza vipimo, kisha mtajadiliana bei. Kwa mtu anayejenga au kukarabati vyumba kule Lindi, Kibera, jijini Nairobi, liko jambo la kujua kabla ya hayo mawili: mlango utatazama upande gani?

Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo miale ya urujuanimno hutufikia ikiwa na makali zaidi kuliko pwani. Wengi hudhani jua la adhuhuri ndilo linaloharibu mlango. Saa hizo jua liko utosini, linapiga paa. Mlango umesimama wima, nao hupigwa jua likiwa limeinama: asubuhi kwa ule wa mashariki, alasiri kwa ule wa magharibi. Wa magharibi huumia zaidi, kwa sababu asubuhi za Nairobi mara nyingi huwa na mawingu, na kufikia alasiri hewa yenyewe imeshapata joto.

Upenu unasaidia, ila si kwa milango yote. Mwezi Juni jua huelekea kaskazini, na upenu wa futi tatu juu ya mlango wa kaskazini hutia kivuli cha zaidi ya futi sita wakati wa adhuhuri, yaani karibu mlango mzima. Upenu huohuo juu ya mlango wa magharibi, saa kumi alasiri mwezi Machi, hufunika takriban futi mbili na nusu tu. Sehemu yote iliyobaki inaungua. Mlango wa namna hiyo ndio unaostahili pesa zako. Ule unaotazama kichochoro chembamba, uliofunikwa na ukuta wa jirani kutwa nzima, usiugharamie kupita kiasi.

Mbao nyingi tunazouziwa ni saiprasi. Ni mbao nzuri ikiwa imekauka, lakini mara nyingi huuzwa ikiwa bado mbichi. Ikipigiliwa ikiwa hivyo na kuwekwa juani, upande wa nje hukauka haraka kuliko wa ndani, ubao unapinda na misumari inalegea. Inua ubao kabla ya kulipa. Mzito kupita wenzake una maji. Ukiweza, nunua mbao mapema, uzipange kivulini juu ya vijiti ili hewa ipite kila upande, nazo zikae miezi kadhaa.

Hata mbao kavu hutanuka mvua za Machi hadi Mei zikija, na kunywea kiangazi cha Januari na Februari. Hutanuka kwa upana, si kwa urefu. Mafundi wa Lamu na Unguja wa zamani walitengeneza milango ya mbao mbili zinazokutana kwenye mfaa, yaani mti wa wima wa katikati, na kila ubao ukiwa mwembamba, mtanuko wake nao huwa mdogo. Fundi wako akifunga mlango mpana wakati wa kiangazi, mwambie aache nafasi ya milimita kadhaa pembeni, la sivyo Aprili utausukuma kwa bega.

Vanishi isiyo na rangi naikataa kabisa kwa mlango wa juani. Miale hupenya, huvunja lignini inayoshikilia nyuzi za mti, na vanishi hubanduka kwa kukosa cha kushika. Rangi ya mafuta huizuia miale hiyo. Chagua nyeupe, krimu au kijivu chepesi. Najua buluu nzito na maruni hupendwa kwa kuwa hazionyeshi uchafu, lakini hunyonya joto. Kisha hakikisha kingo za juu na za chini zimepakwa pia. Mafundi wengi huziruka kwa kuwa hazionekani, na hapo ndipo maji huingilia.

Na mlango wa chuma au wa bati? Haupindi kama mbao, na kwa usalama wengi wataendelea kuuchagua, siwalaumu. Ubaya wake ni joto. Bati la rangi nzito likipigwa na jua linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na katika chumba cha futi kumi kwa kumi chenye dirisha dogo, mtoto aliyelala karibu na mlango ndiye anayelipokea joto hilo. Mwambie fundi apigilie plaiwudi upande wa ndani, aache nafasi ya inchi moja kati yake na bati, na atoboe matundu madogo kwenye bati, juu na chini, ili hewa ya moto itoke. Kabla ya rangi ya juu apake ile ya kuzuia kutu, hasa pale alipochomelea.

Wenye ploti, mpangaji hawezi kubadilisha mlango usio wake. Mnapoweka mabati mapya au kupaka rangi, anzeni na milango ya magharibi.