Moyo ukipiga ovyo: pumzi na maji vinafika wapi

Tangu nirudi kutoka upande wa Ziwa Victoria nimeulizwa swali moja na watu wanne tofauti: ni kweli moyo unaopiga ovyo hutulizwa kwa pumzi na maji? Swali lenyewe lilianzia huko huko. Nilikaa wiki tatu baina ya Homa Bay na Migori kwa wakwe zangu (watu wa Pwani tuna ndugu wengi kule kuliko tunavyodhani, Kendu Bay ina Waislamu wa vizazi na vizazi), na karibu kila nyumba niliyoingia palikuwa na mtu aliyetumiwa kwenye simu sauti ya mtu asiyejulikana ikisema: moyo ukienda mbio, kunywa glasi mbili za maji, vuta pumzi, ibane, utatulia. Huna haja ya hospitali.

Mwanzo wa maneno hayo una ukweli ndani yake. Sentensi ya mwisho inaua.

Mimi si daktari. Diploma yangu ni ya afya ya jamii, na kazi yangu ni kueleza kwa lugha yetu mambo ambayo madaktari huyasema mbio mbio kwa sababu foleni ni ndefu. Tuanze na moyo wenyewe. Moyo hupigishwa na umeme mdogo unaoanzia chumba cha juu upande wa kulia, kisha ukashuka chini kwa utaratibu. Mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Umeme huo ukipotea njia, mapigo huharibika, lakini hayaharibiki kwa namna moja, na hapo ndipo ile sauti ya kwenye simu inapowapoteza watu.

Kuna moyo unaoruka pigo moja, ukanyamaza kidogo, ukapiga kishindo. Wengi wetu tumeshausikia, hasa baada ya kahawa chungu ya tatu, usiku wa kukesha, au miraa. Mara nyingi si ugonjwa wa kutisha. Kuna moyo unaowaka ghafla kama taa, ukakimbia mapigo 150 mpaka 200 na kitu kwa dakika, lakini kwa mpangilio, tiki tiki tiki, kisha ukazimika ghafla vile vile. Na kuna moyo ambao vyumba vyake vya juu haviminyi damu tena, vinatetemeka tu. Huu wa tatu ukiushika kwenye kifundo cha mkono huwezi kuufuatisha: pigo moja refu, mawili ya haraka, moja hafifu. Hauna wimbo.

Pumzi inafanya kazi kwa njia gani? Kutoka kwenye ubongo kunashuka mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaopita shingoni mpaka kifuani na tumboni. Huo ndio breki ya moyo. Shika mkono wako sasa hivi, vidole viwili chini ya kidole gumba, uvute pumzi polepole kisha uitoe polepole zaidi. Wengi, hasa vijana, watahisi mapigo yakiharakisha kidogo pumzi ikiingia na yakipungua ikitoka. Ndiyo sababu kuvuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita, kwa dakika tano, humtuliza mtu ambaye moyo wake unaruka kwa wasiwasi au uchovu. Hakuna dawa hapo na hakuna gharama.

Ule wa pili, unaowaka ghafla, una mbinu yake ya nguvu zaidi, na hii imepimwa. Mwaka 2015 madaktari wa Uingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa 428. Mgonjwa alikaa ameegemea nyuma, akapuliza kwa nguvu kwa sekunde 15, kisha akalazwa chali mara moja na miguu yake ikainuliwa kwa sekunde 15. Kati ya waliofanya hivyo, asilimia 43 mioyo yao ilirudi sawa ndani ya dakika moja. Waliopuliza tu bila kulazwa wala kuinuliwa miguu walikuwa asilimia 17. Nguvu ya kupuliza inayotakiwa ni kama ile ya kusukuma kwa mdomo mpini wa bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe, mpaka uanze kusogea. Lakini sharti ni hili: kwanza daktari awe ameshaona kwa kipimo cha ECG, kile cha kubandikwa waya kifuani, kwamba moyo wako ni wa aina hiyo, na akufundishe yeye mwenyewe. Mwenye mlango wa moyo uliobana, mwenye presha ya macho na mjamzito wasijaribu kwa kusikia. Na tafadhali, yule kijana anayewasugua watu shingo aache. Kwa mtu mzima mwenye mishipa iliyochakaa anaweza kung'oa uchafu ukapanda ubongoni.

Sasa ule wa tatu, usio na wimbo. Hapo pumzi inaweza kukupunguzia hofu, lakini haiurudishi moyo kwenye mstari. Tatizo lake kubwa si hata mbio. Damu ikikaa kwenye chumba kinachotetemeka bila kusukumwa, hutuama na kuganda. Kipande kikichomoka kikapanda kichwani, ni kiharusi. Mtu mwenye moyo huu hatari yake ya kiharusi ni kama mara tano ya mwenzake asiye nao, na kama una mlango wa moyo ulioharibika, hatari hupanda zaidi ya hapo.

Kule Ulaya moyo huu ni wa wazee zaidi. Huku kwetu Afrika Mashariki unawapata pia wanawake wa miaka thelathini, kwa sababu ya koo. Mtoto anaumwa koo, hatibiwi, mwili unapigana na vijidudu vile kisha unageuka kuishambulia milango ya moyo wake. Miaka ishirini baadaye ni mama wa watoto watatu, anapanda mlima akihema, anaambiwa ni malaria au ni mawazo. Kanda ya Ziwa malaria ni nyingi kweli, na homa huharakisha moyo kweli, kwa hiyo ni rahisi kila moyo wa mbio kuitwa malaria.

Shemeji yangu mmoja ni wa hali hiyo. Anameza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na nilimkuta ameiacha siku tisa. "Shemeji, si nafanya zile pumzi? Naona nafuu," aliniambia. Nafuu aliiona kweli, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu donge la damu halina maumivu mpaka siku linapoondoka. Tulimrudisha kliniki asubuhi iliyofuata. Hakuanza tena kumeza kwa kukisia. Damu ilipimwa kwanza. Aliulizwa pia mboga, maana osuga na sukuma wiki zina kitu kinachopunguza nguvu ya wafarini. Hakukatazwa kula, aliambiwa ale kiasi kile kile kila wiki, asile sufuria nzima leo kisha akae mwezi bila mboga. Na akitaka kubeba mimba, amwone daktari kabla, si baada, maana dawa hiyo ina madhara kwa mtoto.

Maji nayo yana hadithi yake. Mwili ukikauka, damu hupungua kwenye mishipa, moyo hulazimika kukimbia ili kujazia. Wachimba dhahabu wa Macalder wanaoshinda kwenye joto la shimo wanalijua hilo kwa miili yao, na sisi abiria wa basi la usiku tunaojinyima maji toka Mombasa ili tusimsumbue dereva tunalijua pia. Hapo glasi mbili zinasaidia. Lakini mtu aliyeharisha na kutapika amepoteza pia chumvi na potasiamu, na potasiamu ikishuka umeme wa moyo huyumba. Maji matupu hayairudishi. Paketi ya ORS kwa lita moja ya maji safi inayo. Ukiikosa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita hiyo vitaokoa njia, pamoja na ndizi mbivu, viazi vitamu vya Kabondo, au dafu kwa sisi wa Pwani. Mgonjwa wa figo asile wala asinywe hivyo bila kuuliza. Na mwenye moyo uliochoka, anayevimba miguu, maji mengi humzamisha. Wake hupimwa kwa kiasi alichopewa. Mfungaji wa Ramadhani mwenye dawa za moyo azungumze na daktari wake Shaabani, kwani mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa baadaye.

Yapo ya kutosubiri pumzi wala maji: kuzimia, kifua kubana, kuhema ukiwa umekaa, mdomo kwenda upande, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito. Hayo ni gari sasa hivi. Yasiyo ya dharura, uliza kipimo cha ECG katika hospitali ya rufaa ya kaunti, Homa Bay au Migori. Ikionekana mlango wa moyo, utasikia majina mawili: Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu, na Tenwek kule Bomet ambako milango ya moyo hupasuliwa. Hakikisha usajili wako wa SHA uko hai kabla ya safari. Kadi ya NHIF haifanyi kazi tangu Oktoba 2024.

Ukienda, nenda na maandishi. Kila moyo unaposhtuka, hesabu mapigo kwa dakika nzima, si robo dakika mara nne, maana moyo usio na wimbo hudanganya robo. Andika tarehe, saa, hesabu, ulianza ghafla au polepole, na ulikuwa umekula au kunywa nini. Nyuma ya kalenda ya ukutani panatosha.